Mwalimu wa Ukurasa wa Kwanza

Nimemchukia Mwalimu kwa miaka mingi kuliko ile niliyompenda, na bado kila ninapokaa kusahihisha ukurasa wa kwanza wa kitabu cha mtu, sauti ninayoisikia kichwani ni yake. "Toa hiyo mvua," inaniambia. "Toa na radi. Msomaji hajaja na mwavuli, utamfukuza." Natoa mvua, natoa radi, mwandishi ananishukuru kwa barua ndefu. Jioni narudi nyumbani nimekereka, maana hata kazi inayonilisha nimeipata kwake.

Jina lake silitaji. Waliosoma kwake wametapakaa Temeke nzima, wengine ni watu wakubwa sasa, na wengi wanamkumbuka kwa mapenzi. Waache wamkumbuke hivyo. Wao hawakupotelewa na kaka.

Alitufundisha Kiswahili katika shule ya kutwa, kidato cha pili na cha tatu. Siku yake ilikuwa Alhamisi, kipindi cha mwisho, saa ambayo walimu wengine walitupa kazi ya kunakili ili wao wasinzie. Mwalimu aliingia na kitabu kilichofunikwa kwa karatasi ya kaki, tusijue jina lake wala la aliyekiandika. Alisimama mbele akitutazama tu. Hakusema "kimya." Alisubiri, na sisi tulionyamazishwa kwa fimbo na kila mtu mwingine tulinyamaza wenyewe. Kisha alisoma ukurasa mmoja. Mmoja tu, na daima ulikuwa wa mzimu au wa mauaji.

"Mwanamke alimimina chai vikombe viwili, akamwita mumewe mara mbili, ndipo akakumbuka kwamba jana wametoka kumzika. Akataka kurudisha kile kikombe cha pili kabatini. Kilikuwa kimeshanywewa nusu."

Hapo alifunga kitabu. "Kengele imelia," alisema, hata kama haijalia. Darasa zima lilipiga kelele, "Mwalimuuu!" Yeye alikuwa ameshaweka chaki mfukoni na anatoka. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa nje ya ofisi, na mara nyingi ililia dakika tano nzima baada yake, tukiwa bado tunagombana juu ya nani alikunywa ile chai. Njia nzima ya kurudi nyumbani tulitunga miisho. Yeye mwisho hakututajia hata mara moja, na ukimfuata kumuuliza alikujibu kwamba mwisho ni kazi ya wavivu.

Sasa hivi, kwa kazi hii ya kuona vitabu vingi, nina hakika kwamba zile kurasa hazikutoka kwenye kitabu chochote. Ndani ya ile kaki lilikuwamo daftari lake mwenyewe.

Lakini kufundisha alijua, na nikisema vinginevyo nitakuwa mwongo. Alisema hadithi ya upelelezi inakupa swali, na hadithi ya mzimu inakupa jibu ambalo hukuliomba. Alisema usianze na kelele za mtu anayekimbia. Mtu anayekimbia hatumjui, akikamatwa na akamatwe. Anza na meza, na sahani, na mtu anayekuna nazi, halafu kitu kimoja tu kiwe mahali kisipopaswa kuwa. Kimoja. Ukiweka viwili umeleta kichekesho. Alitufundisha kumpenda yule msimuliaji anayesita, anayeanza kwa kusema yeye si mtu wa kuamini mambo haya na asingependa kuyasema. "Anayetaka kusimulia humwamini," alisema. "Asiyetaka, unamsogelea." Na alisema jambo jingine ambalo nimelirudia mbele ya waandishi wengi bila kutaja nimelitoa wapi: kwamba sentensi ya kwanza ni hodi. Msomaji yuko ndani, amekaa kwake salama, na wewe uko nje. Piga hodi ambayo hawezi kuacha kuiitikia.

Alikuwa mtu wa vituko pia. Hakuwa akiogopa mzimu wowote ulioandikwa, lakini msiba ukitokea mtaani alipita njia ya mbali asione hata viti vilivyopangwa nje. Aliyechelewa darasani alimfukuza bila kumsikiliza, kisha siku hiyo hiyo angemfuata mpaka kwao kujua kama kuna mgonjwa. Tuliposhindwa kununua madaftari, madaftari yalionekana mezani na hakuna aliyeambiwa yametoka wapi. Mashati yake yalikuwa mawili, yote ya bluu, yamepigwa pasi mpaka kola zimeng'aa. Alichukia umbea, alisema umbea ni hadithi iliyokosa adabu. Na bado hakuna mtu aliyejua kusikiliza habari za watu kama yeye. Ulimwambia jambo dogo la nyumbani kwenu, akainamisha kichwa, akauliza swali moja, la pembeni kabisa: mlango ulikuwa wa rangi gani? Ukajikuta umemwaga kila kitu.

Mimi nilimwaga kwenye insha.

Nilikuwa kidato cha tatu. Tuliishi nyumba ya vyumba viwili, Mama, Kaka na mimi. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alikuja Dar kutoka bara akiwa msichana, akafanya ukarani, na jambo moja alilolitaka duniani ni watoto wake wasome. Kaka aliacha shule akaenda Keko kujifunza useremala. Siku aliyolisema hilo, Mama alisimama uani na mikono yake ikiwa na sabuni, akamwambia, "Ukitoka mlango huo kwenda kwenye hayo maranda yako, hapa usirudi." Kaka alitoka. Alilala karakana kwa fundi wake, nami nilikuwa nampelekea nguo safi kwa siri, na Mama alijua na alijifanya hajui. Mambo yalikuwa yanaelekea kupoa. Halafu asubuhi moja fundi alimtuma apeleke kitanda Kimbiji. Kitanda kilifika. Wenye kitanda walisema kijana alikifunga vizuri, akanywa maji, akaaga. Keko hakurudi. Tulizunguka hospitali, tulizunguka vituo, Mama alikwenda Kimbiji mara nyingi mpaka wavuvi wa kule wakamzoea. Hatukupata hata shati.

Insha niliianza hivi: "Kitanda kilifika, lakini kaka yangu hakurudi." Mwalimu aliandika chini yake kwa wino mwekundu: "Inagusa, lakini hainasi. Msomaji amebaki nje." Hakunipa pole. Nililia kidogo, kisha nikaona ana haki, kwa sababu nilikuwa bado nampenda.

Wiki mbili baadaye, Alhamisi, aliingia na kitabu chake cha kaki, akasubiri tunyamaze, akasoma.

"Alasiri ile kijana alipiga hodi mara tatu kwenye mlango wa kwao, mlango ambao tangu azaliwe hakuwahi kuupigia hodi, na kwa kuwa hakuna aliyemwitikia, aliondoka, kama alivyofundishwa."

Nilijua hapo hapo. Yaliyofuata ukurasani yalikuwa yetu: kitanda, maranda, mama mwenye sabuni mikononi, redio iliyofunguliwa kwa sauti ya juu uani. Hakutaja jina. Wenzangu hawakujua, walikuwa wameduwaa midomo wazi. Hata mimi, Mungu anisamehe, kabla ya kuumia nilisisimka. Mtu hapigi hodi kwao. Anayepiga hodi kwao ni mgeni, au si mtu tena. Kitu kimoja mahali kisipopaswa kuwa, na kila kitu kingine sahihi. Ulikuwa mwanzo bora kuliko yote aliyotusomea. Ile hodi ndiyo peke yake iliyokuwa ya uongo.

"Kengele imelia," alisema.

Nilifika nyumbani na hasira zangu. Mama alikuwa anachekecha unga.

"Mama, Mwalimu anamsimulia Kaka darasani!"

"Anamsimulia vipi?"

Kosa ni langu hapa, sitamsukumia mtu. Ningeweza kusema anatusema vibaya, nikaishia hapo. Lakini mwanzo mzuri ukishausikia unakaa kichwani mzimamzima, nami niliusema wote, neno kwa neno, kwa sauti yake hata. Mama aliweka chekecheke chini.

"Alipiga hodi?"

"Mama, hiyo ni hadithi tu..."

"Mara tatu? Alasiri?" Alikuwa hanitazami. "Mie alasiri huwaga uani nafua. Redio iko juu. Nitasikiaje hodi mie?"

Nilimwambia Mwalimu ametunga. Nilimwambia mara ngapi sijui. Lakini Mama ndiye aliyemfundisha Kaka ile adabu: ukifika kwa watu piga hodi, ya pili, ya tatu, usipoitikiwa ondoka, usichungulie dirishani. Kaka aliishika kiasi cha kuchekwa na wenzake. Mwalimu hakujua hilo, aliokota tu desturi ambayo kila mtu anayo. Kwa Mama ikawa ushahidi. Nani mwingine angeondoka baada ya tatu? Na kwa nini apige hodi kwao, kama si kwa sababu aliambiwa asirudi? "Alikuja kuniomba radhi," alisema Mama. "Akaona aanze na hodi. Na sie hatukumwitikia."

Kesho yake alivaa gauni lake la kanisani akaenda shuleni. Nilisimama nje ya ofisi ya walimu, dirisha likiwa wazi. Mwalimu alikuwa mezani kwake, walimu wengine wanne wapo, mkuu wa shule naye ameketi pale anakunywa chai.

"Mwalimu, za asubuhi. Mie mama yake fulani." Akanitaja. "Nimekuja kuuliza. Ile habari ya hodi, nani kakwambia? Jirani gani kamwona mwanangu? Sina ugomvi na mtu, nataka nimjue tu."

Chumba kilinyamaza kama darasa letu la Alhamisi. Niliona Mwalimu akimtazama mkuu wa shule, kisha akimtazama Mama. Neno moja lilitosha. Nimetunga. Hata mtoto angelisema.

"Mama," alisema polepole, "mwandishi hawataji wanaompa habari."

Walimu waliinamisha vichwa kwa heshima. Mama alishukuru. Alishukuru! Alitoka pale ameinua uso, kwa mara ya kwanza tangu Kaka apotee, na mimi nikamfuata nyuma nikiwa nimekufa ganzi. Tangu siku hiyo mlango wetu haukufungwa tena mchana, na redio aliigawa.

Nilimaliza shule, nikasoma mbele, nikaolewa, nikahamia Kinondoni. Mama alibaki. Watu wanadhani majonzi yanapungua yakizoeleka. Haya yalikuwa na kazi ya kufanya kila siku. Alasiri alikaa sebuleni akiuelekea mlango. Kufua alihamishia asubuhi. Hakwenda safari, hakulala kwa mtu, harusi yangu yenyewe aliondoka kabla ya chakula. Mtaa ule hujaa maji kila masika, na masika iliyopita majirani walimtoa juu ya kiti, maji yamefika kwenye godoro, miguu yake imevimba haiingii hata kandambili. Nikampeleka kwangu. Siku ya tatu nilirudi kazini nikakuta ameondoka. Alikuwa kwake, anakausha kuta kwa matambara.

"Mama, nyumba ile itakuua."

"Akija tena je? Amkute nani?"

"Hajawahi kuja, Mama!"

"Wewe hukuwepo," alisema. "Mwalimu anajua."

Ndipo nikamtafuta Mwalimu. Niliambiwa alipata kiharusi na anaishi Madale kwa mpwa wake wa kike, nyumba ya juu mlimani ambayo gari linafika kwa kuomba Mungu. Nilikuwa nimepanga njiani kila nitakachomwambia, na sikupanga shikamoo, lakini nilipomwona kwenye kiti chake, shati la bluu, mkono wa kushoto umelazwa mapajani, shikamoo ilinitoka yenyewe.

"Marahaba," alisema. Ulimi ulikuwa mzito kidogo, akili ilikuwepo. Mpwa aliniletea soda akaingia ndani. Kando ya kiti kulikuwa na boksi la madaftari. Aliniruhusu nifungue. Kila daftari lilikuwa limeandikwa ukurasa wa kwanza, kwa ule mwandiko wake mzuri, na baada ya hapo ni karatasi tupu mpaka mwisho. Hakuna hata moja lililofika ukurasa wa pili. Nililitafuta letu na sikulipata, au sikutafuta kwa bidii.

"Unanikumbuka, Mwalimu?"

"Nakumbuka sentensi," alisema. "Watu wengi nimewasahau."

Nilimsomea ile sentensi kwa kichwa. Alifumba macho nikisoma, na midomo yake ilitembea pamoja nami. Kisha nikamweleza yaliyobaki, ambayo yeye hakuyaandika: mlango wazi, kiti, maji ya masika, miguu. Nilisema kwa ukali. Mpwa alichungulia akarudi ndani.

"Kwa nini hukumwambia siku ile?"

"Mkuu wa shule alikuwa amekaa pale," alisema. "Ningesema nimetunga, ningeonekana nimechezea msiba wa mwanafunzi."

"Si ndivyo ulivyofanya?"

"Ndivyo," alisema.

Nilikuwa nimesubiri neno hilo zaidi ya nusu ya maisha yangu, na lilipokuja halikunipa chochote. Nikatoa simu. Nikamwambia sitaki aniombe radhi mimi, nataka amwambie Mama. Aseme alitunga, Mama ahame ile nyumba, basi. Alitikisa kichwa kukubali. Nikaishika simu mimi, nimeweka sauti ya nje.

"Mama, hujambo? Nipo na Mwalimu hapa. Yule wa Kiswahili. Ana neno na wewe."

"Ee, Mwalimu! Habari za siku? Nimesikia uliumwa, pole sana."

"Nimeshapoa, Mama. Nataka kukwambia. Ile hodi. Hakuna aliyeniambia. Kijana hakuja. Nilitunga mimi, kwa sababu hadithi ilihitaji mlango. Nilipaswa kukwambia siku ile ofisini. Niliona aibu. Nisamehe."

Alilisema vizuri kuliko nilivyotegemea. Nilisikia Mama akivuta pumzi, na kwa mbali kuku wa jirani. Niliona tayari vitu vyake vikipakiwa, kitanda chake kwenye chumba cha nyuma kwangu, miguu yake imekauka.

"Mwalimu," alisema Mama, na sauti yake ilikuwa ya upole, ile anayoongea na wagonjwa. "Pole baba. Ndo uzee huo, sie wote tunaelekea huko. Umesahau tu. Usijitese."

"Mama, sijasahau. Mimi ndiye niliye..."

"Umesahau. Mie sijasahau. Mwanangu alikuja. Nilimwambia asirudi, na alirudi. Hilo usininyang'anye, Mwalimu. Hayo mengine yote nimeyaacha. Haya, ugua pole. Mwambie binti yangu akija Jumamosi aniletee nyanya."

Simu ilikatika. Miaka yote hiyo nilidhani ile hodi ni mzigo Mama amebebeshwa, na kumbe ndiyo radhi peke yake aliyoipata kwa mwanawe. Nilikuwa nimesafiri mpaka Madale na mgonjwa nimemlazimisha, ili nikamnyang'anye.

Nilimgeukia Mwalimu. Nilitegemea nimkute analia, na ningemsamehe, nadhani. Hakuwa akilia. Alikuwa amejiinua kidogo kwenye kiti na uso wake umepata damu, ule uso wa Alhamisi.

"Umeona?" alisema. "Mwanzo ukikaa sawasawa, hata aliyeutunga hawezi tena kuutoa."

Niliiacha soda mezani haijaguswa, nikachukua mkoba. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita, kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

"Sasa mwisho wake? Huyo kijana, mlikuja kujua alienda wapi?"

Hatukujua. Mpaka leo hatujui. Lakini alikuwa ananitazama kama tulivyomtazama sisi, mdomo wazi, na nilimwacha abaki hivyo.

"Kengele imelia, Mwalimu," nilisema, nikatoka.

Jumamosi nilimpelekea Mama nyanya. Mlango ulikuwa wazi nusu, yeye yuko kwenye kiti chake, miguu juu ya ndoo iliyogeuzwa. Niliingia moja kwa moja bila hodi. Nyumba ile hakuna anayepiga hodi, hata wageni na wauza mkaa wameshajifunza. Ukipiga, Mama anainuka na kukimbilia mlangoni na miguu ile.